Chumba cha Ndani

Ukienda kutafuta keja Pipeline, keateka atakuuliza swali moja kabla hata ya kukuuliza jina: unataka ya mbele ama ya ndani? Ya mbele inaangalia barabara. Ina dirisha la maana, ina kelele za makanga, ina mahubiri ya spika Jumapili asubuhi, na ina jua. Ya ndani inaangalia korido, na korido inaangalia kisima. Kisima cha hapa si cha maji. Ni ule mwanya ulioachwa katikati ya ploti kutoka paa hadi chini, ambamo mabomba ya choo yanapita, na maganda ya ndizi ya watu wa juu pia. Kwenye ploti yetu ya mbele ilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, ya ndani 5,000. Ukubwa ni ule ule, futi kumi kwa kumi. Simenti ni ile ile. Choo mnapiga foleni moja. Kwa hivyo nikisema naijua bei ya jua Embakasi, sisemi kwa mafumbo. Ni shilingi 1,500 kwa mwezi.

Mimi nilichukua ya ndani, ghorofa ya tatu. Nilikaa miaka miwili na miezi minne.

Kwa wewe unayeijua Pipeline kupitia vichekesho vya mtandaoni tu: ni mtaa wa Embakasi Kusini, karibu na barabara ya Outering, unapakana na Mukuru kwa Njenga, na ndege zinazoelekea JKIA unazisikia ukiwa kitandani. Ploti ni za ghorofa sita, saba, nane na kuendelea, zimebanana kiasi kwamba ukiwa na mkono mrefu unaweza kumpa jirani wa ploti nyingine chumvi bila nyinyi wawili kutoka nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi, eneo lisilofika hata kilomita za mraba 90. Kaunti yetu nzima ya Embu, kuanzia msitu wa Mlima Kenya hadi joto la Mbeere huko chini kwenye mabwawa ya Tana, ilikuwa na watu 608,599, na ukubwa wake unapita kilomita za mraba 2,800. Nilipoziona hizo takwimu nilicheka, halafu nikaelewa kwa nini mamangu akija Nairobi anashika mkoba kwa mikono miwili hata tukiwa ndani ya nyumba.

Giza la chumba cha ndani si kama giza la usiku. Usiku unajua utaisha. Hili linakaa tu, kama mgeni aliyesahau kwao. Unaamka saa nne asubuhi na macho yanakwambia ni saa kumi alfajiri. Mvua unaijua kwa sauti, na wakati mwingine unakosea, kumbe ni mtu wa juu anamwaga maji ya kufulia. Taulo haikauki, inapoa tu. Viatu vya ngozi ukiviweka chini ya kitanda wiki mbili vinaota ukungu wa kijani. Stima ilikuwa ndani ya kodi, kwa hivyo landilodi aliamuru izimwe kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, maana wapangaji walikuwa wanapikia koili. Hoja yake ilikuwa kwamba mchana watu wako kazini, na isitoshe, jua lipo.

Sasa kazi yangu iko pale pale chumbani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa. Stori hiyo ni fupi na wengi wenu mnaijua kwa kuiishi, kwa hivyo tuiruke. Nilianza kuandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa akaunti ya kukodi, zile kazi ambazo nusu ya vijana wa Roysambu na Juja waliziishi kabla ya akili mnemba kuja kutunyang'anya mkate. Mtu aliyeshindwa kumaliza digrii anawamalizia wengine zao. Nilichaji laptopu usiku, asubuhi nikaandika hadi betri ife, halafu nikashuka saiba.

Nisikudanganye, mahali pale nilipapenda pia. Wanaoandika kuhusu mitaa yetu huwa wa aina mbili, wa kulia na wa kusherehekea, na wote wawili huwa hawakai. Korido yetu ilikuwa na uhai wake. Mama wa chumba cha pembeni alikaanga chapati kuanzia saa kumi na mbili jioni, na harufu ilikuwa ndiyo saa yetu ya ukutani. Mtu akifiwa, karatasi ya mchango inapita mlango kwa mlango na hakuna anayejifanya amelala. Keateka akianza kufunga milango ya wenye deni, jirani anakuja haraka kukuchukulia laptopu na mtungi wa gesi akuwekee kwake. Mimi nimewekewa mara mbili. Watoto walicheza mpira wa makaratasi pale pale kwenye korido, na mpira ukiingia kisimani mchezo unaisha, maana hakuna mzazi anayekubali mtoto wake ashuke kuufuata huko chini.

Kakangu alikuja Januari, baada ya Fomu Foo. Alitoka Runyenjes na gunia la nduma na parachichi, akashukia Tea Room, na akapata kazi ya kubeba mizigo kwenye godauni moja Industrial Area. Alikuwa anaamka saa kumi na nusu alfajiri na kutembea na lile jeshi la watu wanaokatiza Mukuru kwenda kazini, maelfu yao, kimya kimya, kila mtu na mfuko wake wa chakula. Jioni anarudi, anatandika godoro lake kati ya kitanda changu na meko. Dirisha tulilifunga usiku kwa sababu kisima kinanuka, na kwa sababu ya panya.

Kikohozi kilianza kama mwezi wa sita. Vumbi la kazi, tukasema. Baridi ya Julai, tukasema. Duka la dawa lililo chini ya ploti lilimuuzia sharubati ya kifua mara tatu. Agosti, mamangu alipompigia kwa video, hakumsalimia. Alisema tu, kwa Kiembu, "Huyo ni nani?" Kakangu alikuwa amekonda kiasi hicho, na mimi ninayelala naye futi mbili sikuwa nimemwona, kwa sababu, jamani, ningemwonea wapi? Tulikuwa tunaonana chini ya balbu.

Ilikuwa TB. Zahanati ya serikali walimpima makohozi na majibu yakaja haraka, na dawa ni za bure, jambo ambalo linafaa kusemwa kwa sauti kwa sababu watu wengi huchelewa wakiogopa bili. Miezi sita: dawa nne ndani ya kidonge kimoja kwa miezi miwili ya kwanza, halafu mbili kwa miezi minne. Siku ya pili alitoka chooni macho yamemtoka, akaniambia anakojoa rangi ya Fanta. Nesi alikuwa ametuonya, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Huyo nesi ndiye aliyeniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote kuhusu nyumba yangu. Alikuwa anajaza fomu.

"Mnalala wangapi?"

"Wawili."

"Kuna dirisha?"

"Lipo."

"Sijauliza kama lipo, dada. Likifunguliwa, hewa inaenda wapi?"

Nikafikiria. Nikamwambia inaenda kwa korido.

"Na ya korido?"

Nikanyamaza. Akaandika kitu, sikuona ni nini, akaniambia na mimi nikohoe kwenye kikopo.

Mimi sikuwa nayo. Nilipewa vidonge vya kuzuia, vya kumeza mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mhudumu wa afya ya jamii alikuja na fulana yake akapiga hodi ghorofa nzima, akiuliza nani anakohoa. Alipatikana mtu mmoja zaidi, ghorofa ya pili, baba wa watoto wawili. Mlango wake unaangalia kisima kile kile. Nani alimpa nani, hakuna anayeweza kusema, na sidhani inafaa kuulizwa. Mdudu wa TB anasafiri hewani mtu akikohoa, akiimba, hata akiongea. Penye hewa inayopita anatawanyika, na jua linamuua. Ndani ya chumba kilichofungwa, kisichojua jua, anaweza kuelea saa nyingi akisubiri pafu. Utafiti wa kitaifa wa TB wa 2015 hadi 2016 ulikuta ugonjwa huu ni mwingi Kenya kuliko ilivyodhaniwa, wagonjwa wengi hawajulikani, na wanaume na watu wa mjini wako juu kwenye orodha. Kakangu alikuwa mwanaume, wa mjini, miezi saba.

Hapa sina budi niwarudishe kwenye zile insha za kukodi. Miaka michache nyuma niliandikia mwanafunzi mmoja wa Marekani, simjui jina hadi leo, karatasi kuhusu nyumba za kupanga za Berlin karne ya 19. Niliisoma kama kazi, nikalipwa, nikasahau. Usiku ule wa vidonge vya kwanza ilinirudia yote. Berlin ilikuwa inajaa wafanyakazi kutoka mashambani kama sisi. Wenye ploti walijenga jengo nyuma ya jengo nyuma ya jengo, na kanuni ya ujenzi ya 1853 ilikuwa inadai ua wa mita 5.34 kwa 5.34 tu katikati. Unajua kwa nini 5.34? Ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Sheria ilifikiria moto, haikufikiria pumzi. Jengo moja maarufu, Meyers Hof, lilikuwa na nyua zilizofuatana moja ndani ya nyingine na watu wapatao 2,000. Na ni katika mji huo huo, tarehe 24 Machi 1882, ambapo Robert Koch alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akawaonyesha mdudu wa TB. Kuna profesa wa Afrika Kusini, Marie Huchzermeyer, ambaye ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2011, kinachoweka Berlin ile na Nairobi hii bega kwa bega. Kwa hivyo si kwamba mambo haya hayajulikani. Yanajulikana kuanzia kabla ya reli kufika Nairobi.

Nilipima kisima chetu. Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikaurusha hadi ukuta wa pili, halafu nikaupima uzi kwa rula. Mita 1.6. Gari la zimamoto la Berlin lisingegeuka humo hata kwa maombi.

Landilodi wetu huja mwisho wa mwezi mwenyewe, haamini keateka. Ni mzee wa upande wa Meru, karibu na kwa kina mamangu, Nkubu, na alipogundua hilo alianza kuniita mwari, yaani binti. Nilimngoja chini kwenye ngazi. Nilikuwa nimejipanga kugombana. Nilimwambia kuhusu kakangu, kuhusu baba wa ghorofa ya pili, kuhusu stima ya mchana.

Hakukasirika. Alikaa kwenye ngazi, akanisimulia kwamba alipojenga, kisima chetu kilikuwa na kuta tatu tu. Upande wa nne ulikuwa ploti tupu, mtu amepanda sukuma wiki. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia hadi ghorofa ya kwanza. "Hata vyumba vyako vya ndani nilikuwa nauza bei moja na vya mbele," akasema. Halafu jirani akajenga. Akajenga hadi kwenye mpaka, ghorofa nane, na ukuta wake ukawa ukuta wa nne wa kisima. "Ningefanya nini, mwari? Shamba ni lake." Naye mzee, kwa sababu kodi ya vyumba vya ndani ilishuka na mkopo wa sako haukushuka, akaongeza ghorofa mbili juu. Ambazo, najua kwa kuwa nimesimama kule juu kuanika nguo, zilimzibia jua jirani wa upande mwingine.

Niliondoka pale nikiwa sina mtu wa kumchukia, jambo linaloudhi sana ukiwa umejiandaa. Mzee alinipa shilingi 500 za maziwa ya mgonjwa. Akaahidi kupaka korido rangi nyeupe. Akaniomba nisiwaambie wapangaji wengine. Stima ya mchana iliendelea kuzimwa.

Si eti hakuna sheria. Sheria ya Afya ya Umma tuliachiwa na mkoloni tangu 1921, na inampa afisa wa afya nguvu juu ya nyumba inayohatarisha afya ya wanaoishi ndani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema nyumba yenye hadhi ni haki. Shida ni kwamba serikali yetu inaliona jengo siku likianguka. Huruma, Aprili 2016, ghorofa sita zilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao hamsini, na jengo lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Tassia, hapa jirani kwetu, Desemba 2019, jengo lingine la ghorofa sita. Zilikuja kamera, zikaja helmeti za wakubwa, na wiki iliyofuata alama nyekundu za X zikajaa kwenye kuta za mtaa. Ploti yetu haikupigwa X. Imesimama vizuri sana. Nguzo zake ni imara, mzee hakuiba simenti. Inaua polepole kwa njia ambayo haiwezi kupigwa picha, na hakuna rangi ya kuchorea ukosefu wa dirisha.

Mamangu ndiye aliyeamua. Baada ya wiki tatu za dawa alisema mtoto arudi nyumbani, zahanati ikamwandikia barua ya kuhamishia matibabu kule. Nyumbani alikaa kwenye kiti chini ya mti wa makadamia, mchana kutwa, kama mzee wa baraza. Majirani waliambiwa ni "kifua". Mamangu alimtengea kikombe chake, nikamweleza kwa simu kwamba TB haiambukizwi kwa kikombe, akasema anajua, na kikombe kikabaki pembeni hadi mwisho. Alikula mayai, alikula njahi, kilo zikarudi.

Nilienda kumwona Desemba. Nilipitia Embu mjini, na kwa mara ya kwanza nikaangalia majengo badala ya watu. Karibu na chuo kikuu hosteli zimeota za ghorofa tano, sita, bado kuna migomba katikati yake. Niliingia moja nikijifanya natafuta chumba. Keateka, kijana wa rika langu, alinionyesha korido. Kulikuwa na kisima. Kilikuwa na kuta tatu, na upande wa nne kulikuwa na shamba la mahindi, mwanga umejaa hadi chini, safi kabisa. Nikamuuliza shamba ni la nani. Akasema mwenyewe yuko Nairobi, atajenga. Wiki hiyo hiyo tulienda Nkubu kwa shosho, tukafika hadi Makutano pale Meru, nikaona mawe yamepangwa kandokando ya barabara, mbao za kushikilia silabu zikingoja, na mjomba akaniambia kwa furaha kwamba ploti zimepanda bei. Ana yake ya 50 kwa 100. Anataka kujenga vyumba, akaniuliza, wewe mtu wa Nairobi, unafikiri nikiweka ishirini kwa kila floo vitaingia? Nikamchorea kwenye karatasi ya unga ua wa mita tano unusu. Alihesabu vyumba alivyopoteza, akaikunja ile karatasi taratibu, akaniongezea chai.

Kakangu alimaliza dawa mwishoni mwa Februari. Makohozi ni safi. Anataka kurudi. Mamangu hataki, lakini kakangu ana hoja ambayo hatujaijibu: Runyenjes jua ni la bure na kazi hakuna. Chumba cha zamani nimekiacha. Nimepata kingine barabara mbili kutoka pale, ghorofa ya saba, shilingi 6,800, nalipa kwa kuandikia kampuni ndogo ndogo maelezo ya bidhaa, kazi ambayo bado inalipa kidogo. Maji hayapandi huko juu, tunabeba mitungi. Dirisha linaangalia mashariki juu ya ploti tupu yenye kibanda cha chuma chakavu, na saa moja asubuhi jua linaingia hadi kwenye sufuria. Nimehamisha meza ikae pale. Sijawasha balbu mchana tangu nihamie.

Jumanne iliyopita lori lilimwaga mawe na kokoto kwenye ile ploti. Kibanda cha chuma kimeondoka. Nilishuka nikamkuta fundi anafunga uzi kwenye vigingi, nikamuuliza watajenga ghorofa ngapi.

"Itategemea na pesa ya mzee," akasema. "Lakini msingi tumeambiwa wa nane."

Nikamuuliza wataanza lini kupita ya saba. Alinitazama kidogo, akahesabu kwa vidole vyenye simenti. Kama mvua haitasumbua, akasema, mwaka ujao mwezi wa tatu hivi. Nimempigia kakangu. Anakuja Jumamosi na gari la saa mbili, na nimemwambia aje na godoro.